Nani Adhaminiye Roho Ipoteayo Njiani?

(Hotuba iliyosomwa barazani mbele ya wanachama, wake kwa waume, baada ya sala ya Isha. Yapigwa chapa hapa kwa ombi la waliokosa pahala pa kukaa.)



Tumeombwa tuseme juu ya ajali za motokari na vifo vyake, na tayari wapo waliotuuliza mlangoni kwa nini baraza hii ya usiku itumiwe kwa mazungumzo yasiyokuwa ya siasa. Jawabu letu ni fupi. Atazame kila mmoja wenu kuliani kwake na kushotoni kwake, kisha aseme kama hapana jamaa, wala jirani, wala mtoto wa skuli amjuaye, aliyechukuliwa na gari. Sisi si wanasharia. Ni watu wa duka, tuliosoma chuoni na baadaye darsani msikitini, na haya tutakayoyasema tumeyakusanya kwa kusoma na kwa kuwauliza wenye kujua. Tumeyakusanya kwa sababu tuna deni, na deni lenyewe hapana budi tulitaje kwanza, ili mtu asije akatusimulia nyuma ya mgongo.

Mwaka juzi tulikodi lori lituchukulie unga na mchele kutoka bandarini mpaka shamba. Dreva alikuwa kijana mwenye adabu. Safari ya kwanza alikwenda na kurudi salama. Ilipofika alasiri, naye akinywa chai kibarazani petu, tukamwambia: "Usipotufikishia safari ya pili kabla ya magharibi, ujira wako nusu." Lori lile lilikuwa na taa moja tu mbele. Tuliiona asubuhi, tukacheka, tukasema, hili ni chongo. Magharibi ile, penye kona yenye miembe, lori likampiga mtu aliyekuwa juu ya baiskeli akirudi kwake na mzigo wa kuni. Alikuwa jirani yetu na mnunuzi wetu. Ameacha mke na watoto watatu, na mdogo wao alikuwa hajaanza chuo.

Sanda aliitoa mwenye lori siku ile ile. Siku ya tatu ya matanga akaja na gunia la mchele na bahasha ya shilingi 300,000. Wazee wakasema, ni kudra, nani awezaye kushindana nayo? Ikatakiwa iandikwe karatasi kuwa watu wa marehemu wamesamehe wala hawana dai lolote tena. Na kwa kuwa khati yetu yasemwa kuwa ni nzuri, aliyeiandika karatasi ile ni sisi. Mjane hakuulizwa. Alikuwa ndani, amekaa eda, akayasikia yote kwa nyuma ya ukuta.

Ndugu zetu, neno lile kudra ni haki, na hapana hapa asiyeliamini. Lakini kudra ni khabari ya baina ya Mwenyezi Mungu na waja wake, na dhamana ni khabari ya baina ya mtu na mtu. Katika Sura ya An-Nisaa, aya ya 92, imehukumiwa juu ya mtu auaye kwa khata, yaani pasipo kukusudia: juu yake iko kafara, na iko diya ikabidhiwe watu wa marehemu, isipokuwa wao wenyewe waiache iwe sadaka. Tuangalie vizuri. Aya hiyo haisemi juu ya muuaji wa makusudi. Yasema juu ya mtu aliyekosea. Na huyo aliyekufa kwa khata naye amekufa siku yake. Hapana mfasiri tuliyemsikia aliyesema kuwa kwa sababu ajali imeandikwa, diya imeanguka. Basi sisi tumeitoa wapi hukumu hii, ya kuwa gunia la mchele na neno moja la subira vyatosha kuifunga khabari ya roho?

Wataalamu wa zamani hawakuona motokari, lakini waliona wapanda farasi na ngamia wakigongana, na waliona majahazi yakigongana. Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 1277 wa Miladi, ameyaweka haya katika Minhaj, kitabu ambacho wengi wetu tumekisikia kikidurusiwa. Mtu aliye pamoja na mnyama adhamini alichokiharibu mnyama yule, roho au mali, usiku au mchana. Wapandaji wawili wakigongana pasipo kukusudia na wote wakafa, basi watu wa kila mmoja watoe nusu ya diya ya mwenzake, kwani kila mmoja amekufa kwa tendo lake na kwa tendo la mwenzake. Majahazi mawili hukumu yake ni kama ya wapandaji wawili. Lakini upepo ukiwashinda manahodha, nao hawakufanya uzembe, hapana dhamana. Sisi wana wa bahari twalifahamu hili bila ya kufasiriwa. Nahodha aliyeshindwa na tufani si sawa na nahodha aliyetoka bandarini na tanga lililotatuka.

Na asidhani mtu kuwa mambo haya yamebaki vitabuni. Mwezi wa Juni mwaka 1993, Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu, iliyo chini ya Jumuiya ya nchi za Kiislamu, ilikutana Bandar Seri Begawan katika nchi ya Brunei, ikatoa uamuzi khasa juu ya ajali za njiani. Wakakata shauri kuwa dreva ndiye mdhamini wa madhara anayowapata mtu mwingine kwa gari lake, wala hatoki katika dhamana hiyo ila kwa moja katika mambo matatu: liwe limemfika jambo la nguvu asiloweza kulizuia wala kujikinga nalo, au iwe aliyeumia ndiye aliyeleta sababu kubwa ya ajali, au iwe kosa ni la mtu wa tatu, na hapo mtu huyo ndiye atakayebeba. Na pale ambapo dreva na aliyeumia wamekosa wote wawili, kila mmoja abebe kadiri ya fungu lake. Hata mwenye ng'ombe aliyemwacha mnyama wake azurure barabarani ametajwa. Wenzetu wa shamba wenye kufunga ng'ombe kandoni mwa lami kwa kamba ndefu na walisikie hilo.

Sasa tulitazame lile jambo la nguvu lisiloweza kuzuilika, kwa sababu hilo ndilo kimbilio la kila mtu. Breki zimekatika. Mpira umepasuka. Jua lilinipiga machoni. Mtoto alitoka ghafula. Twasema hivi: mpira ulioliwa mpaka waya waonekana haukupasuka ghafula, ulikuwa ukipasuka kwa muda wa miezi mitatu, na mwenyewe akiutazama. Breki iliyokatika leo ilikuwa ikilia tangu mwezi uliopita. Mtoto aliyetoka mbele ya skuli saa sita za mchana, wakati madarasa yanapofungwa, si ajabu. La ajabu ni dreva asiyejua kuwa skuli ina watoto. Na taa moja ya lori letu, sisi wenyewe tuliiona asubuhi.

Lakini katika sababu zote hapana iliyo kubwa kuliko mwendo, na hapa twaomba mtusikilize kwa utulivu, kwani watu wengi hawaijui hesabu yake. Sisi hesabu yetu ni ya dukani: magunia mawili uzito wake ni mara mbili ya gunia moja. Mwendo hauhesabiwi hivyo. Gari likizidisha mwendo mara mbili, nguvu ya kugonga huzidi mara nne. Likizidisha mara tatu, nguvu huzidi mara tisa. Kitabu cha sharia za njiani cha Waingereza chaeleza kuwa gari liendalo kilomita 48 kwa saa lataka mita 23 mpaka kusimama, yaani urefu wa motokari sita zilizopangwa mstari mmoja. Gari lile lile likienda kilomita 96, lataka mita 73, yaani urefu wa motokari kumi na nane. Na hesabu hiyo ni ya breki nzima, mipira mizima, njia kavu, na dreva ambaye macho yake yako mbele wala hayako katika simu. Muondolee moja katika hayo na mita zitazidi.

Shirika la Afya la Ulimwengu limeeleza kuwa mwendo wa kawaida wa magari ukiongezeka kwa moja katika mia, khatari ya ajali ya kuua huongezeka kama nne katika mia. Na mtu aendaye kwa miguu akigongwa na gari la mwendo wa kilomita 65, khatari yake ya kufa ni mara nne na nusu kuliko akigongwa na gari la kilomita 50. Baina ya 50 na 65 dreva haoni tofauti yoyote mguuni mwake. Faida anayoipata katika safari ya kilomita kumi ni kiasi cha dakika tatu, muda usiotosha kumaliza kikombe cha kahawa.

Shirika hilo hilo limehesabu kuwa mwaka 2021 watu 1,190,000 walikufa ulimwenguni kwa ajali za njiani. Katika kila mia, 92 walikufa katika nchi za kipato cha chini na cha kati, nchi ambazo zina kama 60 tu katika kila magari mia ya ulimwengu. Na zaidi ya nusu ya waliokufa ni wale wasiokuwa na bati la kuwakinga: waendao kwa miguu, wapanda baiskeli, na wapanda pikipiki. Basi tusidhani kuwa hii ni bei ya maendeleo, kuwa magari yakizidi na vifo vizidi. Wenye magari mengi zaidi ndio wenye kufa kidogo zaidi.

Tumekwisha kusema juu ya hukumu ya dini. Mtu atauliza: basi tuende kwa Kadhi tukadai diya? Hapana. Mahakama za Kadhi kwetu zahukumu ndoa, talaka, mirathi, wakfu na mfano wa hayo, damu hazihukumu. Ndugu zetu walioko Ghuba hali yao ni nyengine: katika Falme za Kiarabu, kwa mfano, diya iliwekwa dirham 200,000, na jamaa zetu wanaofanya kazi huko wayajua haya kwa sababu kila mwenye leseni huyaogopa. Hapa kwetu hapana budi tubishe mlango mwengine, nao ni mlango wa sharia iliyoletwa na Waingereza. Misingi yake, pamoja na sharia za jumla zilizokuwa zikitumika Uingereza siku ya 7 Julai 1897, ndiyo iliyowekwa kuwa tegemeo la mahakama zetu pale ambapo Baraza letu halikutunga sharia yake. Kwa hiyo si upuuzi kutazama Waingereza waliamua nini zamani.

Na walioyaamua zamani yatisha. Mwaka 1808 bwana mmoja aitwaye Baker alikuwa amepanda gari la farasi la abiria pamoja na mkewe, gari likapinduka. Yeye alipata michubuko. Mkewe alikufa hospitalini baada ya kiasi cha mwezi. Jaji Ellenborough akahukumu kuwa mume alipwe kwa michubuko yake, na kwa kukosa usuhuba wa mkewe mpaka siku aliyokufa. Kwa kufa kwenyewe, si chochote. Kufa kwa binadamu si madhara yanayoweza kulalamikiwa katika mahakama ya madai. Akapewa pauni 100. Maana yake nini? Maana yake ni kuwa dreva aliyemvunja mtu mguu alilipa, na aliyemmaliza kabisa hakulipa. Palibaki desturi moja kongwe, ya kuwa kitu kilichoua, gurudumu au farasi, hutiwa thamani na thamani hiyo ikaenda kwa Mfalme. Mkesha wa Krismasi mwaka 1841 gari la moto lilipoanguka mahali paitwapo Sonning na kuua abiria, wazee wa baraza walilitia gari lile pauni 1,000. Lakini fedha za namna hiyo hazikuwa haki ya mjane.

Ndipo mwaka 1846 Bunge lao likapitisha sharia iliyosimamiwa na Lord Campbell, na mwaka huo huo ile desturi ya kongwe ikafutwa. Kwa sharia hiyo mke, mume, wazazi na watoto wa marehemu wakapata haki ya kumdai aliyesababisha kifo, kila mmoja kwa kadiri ya alichokikosa. Hiyo ndiyo mama wa sharia za namna hii katika nchi nyingi zilizotawaliwa na Waingereza, na wenzetu wa Bara wanayo yao mpaka leo.

Hapa twaomba tuseme neno ambalo halitawapendeza wasomi wetu wa Kiingereza. Sharia ile ya 1846 yapima riziki. Yauliza: marehemu alikuwa akileta nini nyumbani, na angeleta kwa miaka mingapi? Aliyekuwa akileta kingi, watu wake hulipwa kingi. Mtoto wa miaka sita hakuwa akileta kitu, na bibi kizee pia. Diya haiulizi hayo. Hamali na tajiri wake wapo katika mizani moja. Waingereza wenyewe waliliona pengo hilo, lakini si upesi: ilikuwa 1982 ndipo walipotia katika sharia yao fedha kidogo kwa ajili ya huzuni tu. Twayasema haya ili mjue mlango tunaoubisha ni wa namna gani, wala si ili tukatae kuubisha. Mwenye njaa hachagui mlango.

Basi mtu akifa njiani huwa pana kesi mbili, na watu wengi huzichanganya. Ya kwanza ni ya jinai. Hiyo ni ya Serikali dhidi ya dreva, na mwisho wake ni faini, au kifungo, au kunyang'anywa leseni. Lazima ithibiti pasipo shaka ya maana. Kesi hii si mali ya watu wa marehemu, wala karatasi ya kusamehe haiifuti, kama wanavyodhani wazee wetu. Ya pili ni ya madai, nayo ndiyo ya mjane na mayatima. Hii huthibiti kwa uzito wa ushahidi kuelemea upande mmoja. Kwa hiyo yawezekana dreva aachiwe katika ile ya kwanza na bado fidia ipatikane katika ya pili. Tumewaona watu wametoka kortini vichwa chini kwa sababu dreva ameachiwa, wakaenda zao wakadhani mambo yamekwisha.

Na dreva hawezi kusema, mimi ni mwanafunzi, sijabobea. Mwaka 1971, katika kesi ya Nettleship na Weston, mahakama ya Uingereza ilihukumu kuwa mwanafunzi wa kuendesha apimwa kwa kipimo kile kile cha dreva hodari, kwani anayegongwa haumii kidogo kwa sababu aliyemgonga ni mwanafunzi.

Lakini dreva ana nini? Mkiuza kila alicho nacho hamtapata nauli ya kwenda kortini. Twende kwa tajiri wake. Sharia hiyo yasema kuwa tajiri adhamini kosa la mtumishi wake alilolifanya katika kazi yake. Matajiri nao wana maneno: mimi nilimkataza asikimbize. Maneno hayo yalikwisha semwa London zamani za mabasi ya farasi. Kampuni moja ya mabasi iliwaandikia madreva wake kwa karatasi wasishindane wala wasiyazibie njia mabasi ya wengine. Dreva mmoja akaziba njia ya basi la kampuni nyengine, likapinduka. Mwaka 1862, katika kesi iitwayo Limpus, majaji wakasema kampuni ilipe: dreva alikuwa katika kazi yake, na alikuwa akiwatafutia matajiri wake abiria. Je, si hadithi ya daladala hii? Tajiri amwambia dreva asubuhi, usikimbize, na jioni amtaka hesabu ambayo haipatikani ila kwa kukimbiza. Katika vinywa viwili hivyo dreva ausikia ule wenye fedha.

Yupo pia mwenye njia. Waingereza walikuwa na kanuni ya ajabu, ya kuwa mwenye mamlaka ya barabara akichimba shimo akaliacha adhaminishwa, lakini shimo likijichimba lenyewe kwa mvua na magurudumu, naye asilizibe miaka kumi, hapana lawama. Kanuni hiyo waliifuta kwao kwa sharia ya mwaka 1961. Mtu mwenye akili hawezi kuiona tofauti yake akiwa ndani ya shimo. Na Bunge la Uswidi mwaka 1997 lilikubali shauri kubwa zaidi: kuwa binadamu atakosea tu, hapana namna, kwa hiyo wajengao na wasimamiao njia nao ni washirika katika dhamana, wajenge hivi kwamba kosa la mtu lisiwe malipo yake ni roho. Hapa kwetu njia hutandikwa lami nzuri, ikafunguliwa kwa ngoma na mikasi, na kando yake pasiwe na hata dhiraa mbili za mtu kupita kwa miguu. Lami nzuri yamwambia dreva, kimbia. Mtoto hana pa kupita ila juu ya lami ile ile. Twasema ukweli, na hili ni la kuulizwa katika Baraza la Wawakilishi, kwa adabu, lakini liulizwe.

Tumebakiwa na bima. Wako masheikh wenye maneno juu ya bima, na hayo twawaachia wao. Sisi twasema tu kuwa bima ya mtu wa tatu ni lazima kwa kila gari, na kazi yake ni kumlipa asiyekuwa ndani ya mkataba, yaani yule aliyegongwa. Waingereza waliifanya lazima mwaka 1930, baada ya kuona wajane wakishinda kesi na wasipate senti, kwa kuwa aliyeshindwa hana kitu. Wataalamu wetu wa zamani walilijua tatizo hilo hilo. Ndiyo maana diya ya khata haikutwikwa kichwa kimoja. Waliitoa ukoo wa mkosaji, wakigawana, kwa muda wa miaka mitatu.

Sasa sikilizeni. Lori lile lilikuwa na bima. Karatasi yake ilibandikwa kiooni, tumeiona kwa macho yetu. Fidia ya mjane isingetoka katika mfuko wa mwenye lori hata kidogo. Basi kwa nini alete bahasha? Kwa sababu dai likifika huko kutaulizwa juu ya taa. Bahasha ile haikuwa sadaka. Ilikuwa bei ya taa moja.

Kwa hiyo mtu wenu akifikwa, wakati wengine wanalia, mmoja afanye haya. Aandike namba ya gari, na namba ya karatasi ya bima, na jina la kampuni. Aandike majina ya watu wawili walioona, na wakae wapi. Apige picha alama za mipira juu ya njia kabla ya mvua. Ahakikishe polisi wamefika na wamechora ramani ya pahala, na gari limekaguliwa kabla ya kurudishwa kwa fundi. Atake cheti cha kifo cha hospitali. Na katika siku za matanga asitie mtu saini wala dole gumba katika karatasi yoyote, hata kama imeletwa na mtu wa heshima, hata kama imeandikwa kwa khati nzuri. Wala asikae mpaka watoto wawe wakubwa. Muda wa kudai una mwisho wake.

Na juu ya karatasi zilizokwisha andikwa, liko jambo ambalo dini na sharia ya Kiingereza zimekutana. Mrithi aliye baleghe na mwenye akili aweza kusamehe fungu lake. Fungu la yatima halina wa kulisamehe bure: si ami yake, si babu yake, si mzee wa mtaa. Mwenye kumsimamia mtoto amepewa kulilinda fungu hilo, hakupewa kulitoa. Na mahakama za Kiingereza nazo haziyahesabu kuwa yamefungika mapatano ya dai la mtoto mdogo mpaka jaji ayaone na ayaridhie. Tulipoambiwa haya na wakili mmoja, tulirudi nyumbani tukakaa usiku mzima. Tulikuwa tumeandika kwa mkono wetu kuwa mayatima watatu wamesamehe.

Tulimuuliza wakili huyo juu ya nafsi zetu pia. Akasema huenda mahakama isitutie dhamanani, kwani dreva hakuwa mtumishi wetu na lori halikuwa letu. Sisi tulikuwa wenye mzigo tu. Wataalamu wa fiqhi nao humtenga mtendaji na msababishaji, na msababishaji hadhamini ila akiwa amepindukia mpaka. Tumelisikia jawabu hilo, wala hatukulifurahia kama tulivyodhani tungelifurahia. Mtu aliyeona taa moja, na jua lashuka, akaukata ujira nusu, mpaka wake uko wapi?

Tumekwenda kwa mjane, tumemwambia yote mbele ya kaka yake. Hakutujibu neno, na hatukutazamia ajibu. Baada ya siku nne kaka yake alikuja dukani akataka nakala ya karatasi ile. Tumempa, na pamoja nayo tumempa maelezo yetu, tumeyatia saini, juu ya taa, na saa, na maneno tuliyomwambia dreva alipokuwa akinywa chai. Dai limekwisha andikwa na siku ya kutajwa imepangwa. Mwenye lori ametuma watu wawili kutuuliza kama twajua tufanyalo, na mwenye magari mengine tuliyezoea kumkodi hachukui tena mizigo yetu. Unga wetu sasa waja kwa gari la ng'ombe, nao huchelewa. Wanunuzi wetu walioko hapa wanajua.

Bwana Mwenyekiti, yetu tumekwisha kuyasema. Wenye kuuliza na waulize, na wenye karatasi za namna ile nyumbani kwao, ambao hawapendi kuzitaja mbele ya watu, waje nazo dukani asubuhi kabla ya saa mbili, wakati hapana wateja.